Jino Lisilouma Ndilo la Kupeleka kwa Daktari

Kama umewahi kutazama video zangu kwa makini, kuna kitu utakuwa umekiona. Nikicheka, huwa nageuza uso kidogo. Si mbwembwe, na hakuna mtu alinifunza pozi. Upande wa kulia, chini, kuna pengo. Gego zima halipo. Nimekaa mwaka mzima bila kusema kwa nini, kwa sababu sababu yenyewe inaniaibisha. Sikugongwa na boda, wala sikuanguka kwa ngazi. Jino hilo niliambiwa linaharibika, nikaambiwa bei ya kuliokoa, pesa nilikuwa nayo, na bado nikaliacha life.

Kwa hivyo leo tuongee meno. Najua wengine mnataka kupita hapa haraka mkisema, "Mimi meno yangu hayana shida." Ngoja kidogo. Wewe usiye na shida ndiye ninayekutafuta.

Ilikuwa hivi. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, madaktari wa meno walikuja wakaweka hema karibu na maktaba. Kupimwa ilikuwa bure. Mimi nilienda kwa sababu foleni ilikuwa fupi na walikuwa wanapeana miswaki. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akanimulika, akagonga gonga na kale kachuma kao, kisha akaniambia, "Dada, hapa chini kulia kuna katundu kadogo. Hakajafika ndani. Kakizibwa sasa, hutakasikia tena."

Nikauliza bei. Akasema kliniki nyingi za mtaani zinaweza kulijaza kwa kama shilingi 2,500. Halafu nikamuuliza lile swali ambalo nadhani kila Mkenya huuliza.

"Lakini daktari, si haliumi? Ni lazima?"

Akanijibu, "Haliumi, ndiyo maana nakuambia uende sasa."

Nikachukua mswaki wangu wa bure nikaenda zangu. Wiki hiyo hiyo nikanunua ile taa ya duara ya kupigia video. Shilingi 2,800. Naomba uelewe hapo: pesa ilikuwepo. Nilinunua kitu cha kumulika uso wangu vizuri, na ndani ya uso huo huo kulikuwa na jino linaoza polepole.

Miezi ikapita. Kwanza maji baridi yakaanza kunichoma, nikaacha maji baridi. Kisha mutura ikaanza kuingia mle ndani na kukwama, nikaanza kutafunia upande wa kushoto. Ona ninavyofanya: badala ya kurekebisha jino, ninajirekebisha mimi. Siku moja likaanza kuuma kabisa, ule uchungu wa usiku unaopiga kama ngoma, unaofika mpaka sikioni. Nikaenda kemisti. Jamaa wa pale hakuniuliza hata nifungue mdomo. Akanipa tembe za maumivu na antibayotiki za siku tatu, shilingi 350. Nikarudi tena baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi. Jirani akaniletea karafuu. Nikasukutua maji ya chumvi mpaka nikachoka.

Halafu, ghafla, jino likanyamaza. Kimya. Sikuamini. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaambia kila mtu limepona.

Halikuwa limepona. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba jino linapoacha kuuma lenyewe hivyo, mara nyingi ni kwa sababu mshipa wa fahamu ulio ndani umekufa. Lile lililokuwa linapiga kelele limenyamaza, lakini bakteria wako pale pale, wanashuka kwenye mzizi wakielekea kwenye mfupa wa taya. Jumapili moja niliamka uso umefura upande mmoja kama nimeficha ndimu shavuni. Siwezi kufungua mdomo vizuri. Joto la mwili juu.

Kliniki niliyokimbilia waliniambia nina njia mbili. Ya kwanza, kusafisha mzizi wa jino, shilingi 15,000, halafu kulivisha kofia ili lisipasuke, 20,000. Jumla 35,000. Ya pili, kung'oa, 1,500. Kwa simu yangu nilikuwa na elfu nne na kitu.

Basi wakanitibu ule uvimbe kwanza, nikarudi baada ya siku chache, likang'olewa. Kazi yenyewe haikufika dakika 15. Nikapewa pamba niume, nikapanda matatu kurudi nyumbani nikilia, na si kwa uchungu. Nilikuwa nakumbuka ile taa.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu watu husema kwenda kwa daktari wa meno ni ghali. Kuziba tundu ingekuwa 2,500. Mimi nilimwaga pesa kwa tembe za kemisti, kidogo kidogo bila kuona. Nikaongeza dawa za uvimbe, eksirei na kung'oa. Na bado nina pengo. Nikitaka jino bandia lile la kufungwa kwenye mfupa kwa skrubu, bei niliyotajiwa inapita shilingi 100,000. Kwa hivyo sikuokoa pesa. Nilikopa kutoka kwa mdomo wangu, na riba yake ndiyo hii.

Ninachotaka kusema leo ni kitu kimoja tu: uchungu wa jino si mwanzo wa ugonjwa. Ni mwisho. Sisi tumezoea kuuchukua kama king'ora, ati kikilia ndiyo tuamke. Lakini kikilia, nyumba imeshaungua nusu.

Hebu tuangalie jino linavyoharibika. Mdomoni kuna bakteria, wako kwa kila mtu. Ukila au kunywa kitu chenye sukari, wao wanaila pia, na kinyesi chao, tuseme hivyo, ni asidi. Asidi hiyo inalainisha lile ganda gumu la nje la jino kwa kama nusu saa hivi. Mate yako yanakuja kusafisha na kurudisha madini. Ukiwapa mate muda, yanashinda. Shida ni kwamba sisi hatuwapi muda. Chai ya asubuhi sukari vijiko vitatu. Saa nne chai tena na mandazi. Mchana soda. Saa kumi peremende kwa matatu. Usiku chai tena, kisha unalala. Mdomo umeshinda kwenye asidi siku nzima. Wengi hudhani kinachoharibu ni wingi wa sukari tu, kumbe ni mara ngapi pia. Soda moja uliyoinywa mara moja na chakula ina afadhali kuliko ile unayoionja kidogo kidogo kutoka saa tatu mpaka saa nane.

Na lile ganda la nje halina mshipa wa fahamu. Halihisi chochote. Kwa hivyo tundu linaweza kutoboa ganda lote, likaingia sehemu laini ya katikati, wewe ukiwa unakula karanga kwa raha zako. Likianza kuuma, limekaribia kiini. Hapo ile 2,500 imeshakuwa 35,000.

Fizi ni mbaya zaidi, kwa sababu fizi hata hazijisumbui kukuonya. Ukipiga mswaki ukatema damu, unasema, "Ah, nimesugua sana." Hapana. Fizi nzima haitoki damu kwa kupigwa mswaki. Hiyo damu mara nyingi inaletwa na utando wa bakteria uliokaa kwenye fizi, ambao ukiachwa hugeuka ugaga, ule ukoko mgumu kama saruji kwenye shingo za meno. Mswaki hautoi ugaga, hata usugue mpaka mkono uchoke. Unakwanguliwa kliniki. Ukiuacha miaka, fizi zinarudi nyuma, mfupa unaliwa, na siku moja jino ambalo halijawahi kutoboka linaanza kutingika. Watu wengi hupoteza meno mazima kabisa kwa njia hii. Wenye kisukari wanafaa kuwa makini mara mbili, kwa sababu kisukari huharibu fizi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibiti.

Hili si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani, kwa ripoti yake ya 2022, lilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine. Hiyo ni karibu nusu ya dunia. Na mengi ya magonjwa hayo yanaweza kuzuiwa.

Na kama unafikiri jino haliwezi kuua, naomba nikurekebishe. Mwaka wa 2007, katika jimbo la Maryland kule Marekani, mtoto wa miaka 12 alifariki baada ya maambukizi ya jino moja kufika kwenye ubongo. Kuling'oa kungegharimu dola 80 hivi. Familia yake ilikuwa haina bima wakati huo. Hiyo ni Marekani. Na sisi hapa tunafura mashavu tunameza tembe za kemisti, tukisubiri Jumatatu. Uvimbe wa jino la chini unaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa. Ukiona shavu au shingo imefura, una joto, kumeza ni shida au pumzi inakatika, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo. Karafuu weka kando.

Kwa nini basi hatuendi mapema? Mimi sidhani ni ujinga. Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kila mtu anajua. Nadhani shida ni vile tulivyomjua daktari wa meno tangu utoto. Nyumbani kwetu Nakuru, kwenda kwa daktari wa meno kulikuwa na maana moja: kung'olewa. Hakukuwa na safari nyingine. Mathe alikuwa akituambia, "Ukikataa kupiga mswaki nitakupeleka ukang'olewe." Daktari alikuwa kama polisi, wa kutishia watoto nao. Sasa mtoto aliyekuzwa hivyo, akiwa mkubwa, ataenda kwa hiari yake na jino lisilouma? Haendi. Anangoja mpaka ashindwe. Akienda ameshachelewa, kwa hivyo dawa iliyobaki ni kung'oa kweli. Anarudi nyumbani kuthibitisha kwamba kwa daktari wa meno ni kung'olewa tu, na watoto wake wanasikia. Mduara unaendelea.

Mathe mwenyewe amepoteza meno sita. Picha zake zote za harusi za ndugu zetu, amefunika mdomo na mkono au na kona ya leso. Nikiwa mdogo nilidhani ni heshima. Nilikuja kumuuliza nikiwa mkubwa, baada ya langu kutoka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilianza kufunika hata kabla ya kung'olewa. Yalikuwa na rangi."

Watu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na kwingineko Bonde la Ufa wameshaelewa. Hiyo rangi ya kahawia kwenye meno yetu ni ya maji. Maji ya visima vingi vya huko yana floridi nyingi kupita kiasi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima vya huko vinavyopita hapo mbali sana. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya taya, yaani miaka yake ya kwanza minane hivi, yanatoka yakiwa na madoa. Si uchafu. Hakupuuza mswaki. Nimesoma na watoto walioitwa wachafu na walimu kwa jambo la kijiolojia. Tena mjue, kuchemsha maji hakutoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au vichujio maalum, kama vile vya makaa ya mifupa vinavyotumika huko kwetu.

Ninaleta hili kwa sababu limezaa kosa lingine. Wengine wetu tukisikia floridi tunakimbia, tunanunua dawa za meno zisizo nayo tukidhani ni salama zaidi. Floridi kidogo juu ya jino ndiyo inayolifanya ganda liwe gumu dhidi ya asidi. Shida ni kuimeza kwa wingi ukiwa mtoto, si kuipaka na kutema. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa nyingine tunazozihesabu kuwa za lazima. Kama uko Bonde la Ufa, hii ni sababu moja zaidi ya kumuona daktari akuangalie na akushauri kuhusu watoto wako. Na kwa wale wenye madoa, nayo ina matibabu yake. Hata hiyo hatukujua, kwa sababu hatukuwahi kwenda kuuliza.

Sasa najua mtakayoniambia.

Kwanza, "Babu yangu hakuwahi kuona daktari wa meno na alikufa na meno yake yote." Sawa. Babu yako pia hakuwa na soda kwa kiosk kila kona. Alikula nduma, viazi vitamu na mahindi ya kuchoma, na sukari ilikuwa ya wageni. Tena tumkumbuke na yule babu mwingine wa kijiji, aliyekuwa akisagiwa nyama. Huyo hatumtaji kamwe. Na kwa ndugu zangu wa Pwani, mswaki wa mti ni kitu kizuri, unasafisha vizuri ukiutumia ipasavyo. Lakini mswaki, wa mti au wa plastiki, hauna macho. Hauwezi kukuambia nyuma ya gego la mwisho kuna nini.

Pili, "Hao madaktari wanatafuta tu kazi. Ukienda na jino moja watakupatia manne." Wapo wa hivyo, siwezi kukataa. Ndiyo maana una haki ya kuuliza. Mwambie akuonyeshe kwa kioo au kwenye eksirei. Muulize kitatokea nini ukingoja miezi mitatu. Usiporidhika, tafuta daktari wa pili. Wapo hata mafundi wa gari wa hivyo, na gari unapeleka sevisi.

Tatu, na hii ndiyo nzito, "Sina pesa." Hapa sitaki kuongea kama mtu aliyeshiba. Kuna watu wanaochagua kati ya jino na unga, na mtu huyo simlaumu. Madaktari wa meno wengi wako mijini, na kuna mahali nauli peke yake ni pesa ya siku mbili. Lakini kuna milango ambayo wengi hatujaibisha. Hospitali kubwa za umma za kaunti nyingi zina kitengo cha meno, na bei yake huwa chini ya kliniki za kibinafsi. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunza madaktari wa meno, na wanafunzi wake hutibu watu wakisimamiwa na walimu wao. Inachukua muda zaidi lakini bei ni nafuu. Kama kazini una bima, soma karatasi yake leo, kwa sababu nyingi zina sehemu ya meno ambayo mwaka unaisha bila wewe kuigusa. Na kila tarehe 20 Machi ni Siku ya Afya ya Kinywa Duniani. Siku hizo kambi za kupima bure huongezeka. Ukiiona hema, ingia. Lakini usifanye kama mimi, usitoke na mswaki peke yake.

Na kwa wenzangu tunaonunua viatu vya elfu nne na bando la kila siku, "sina pesa" tuiseme polepole.

Niwaambie kilichonifanya niandike hili sasa hivi. Dada yangu ana kijana wa miaka saba. Mwezi uliopita alikuja kwangu wakati wa likizo. Tulikuwa tunapiga mswaki pamoja usiku nikaona, nyuma kabisa chini kulia, gego lina mstari mweusi juu. Nikampigia dada yangu. Akacheka. "Hayo si meno ya utoto? Yatatoka tu."

Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kwa kuwa nimeumwa na nyoka, nikishikwa na ukuti nashtuka. Nikampeleka. Daktari akatuambia jambo ambalo naomba kila mzazi alishike. Mtoto akifika kama miaka sita, gego lake la kwanza la kudumu linatokea nyuma ya meno ya utoto. Halisukumi jino lolote. Hakuna kitu kinang'oka. Linachomoza tu kimya kimya, na mzazi anadhani ni lile lile la utoto. Kumbe hilo ndilo atakalotafunia mpaka uzee wake. Lina mifereji mirefu juu, chakula kinakwama, na mtoto bado hajui kusugua vizuri. Linaanza kuoza kabla familia haijajua kwamba lipo.

Tena hata yale ya utoto hayafai kuachwa. Magego ya utoto mengine hukaa mpaka miaka 11 au 12, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya yale yajayo.

Mstari wa kijana ulikuwa bado wa juu juu. Alisafishwa, likazibwa, na yale magego mengine matatu mifereji yake ikapakwa kinga ili chakula kisikwame. Hakudungwa hata sindano. Alitoka akaniuliza, "Anti, tutarudi lini?" Mtoto anauliza atarudi lini! Kwake daktari wa meno ni mtu mwenye kiti kinachopanda na kushuka.

Nikiwa pale nikamuuliza daktari lile jino lililozibwa ni lipi hasa. Akanionyesha kwenye picha ya ukutani. Gego la kwanza, chini, kulia. Ni lile lile. Langu lilikufa nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha chuo. Lake limeokolewa akiwa darasa la pili, kwa sababu mtu mmoja alimulika na hakungoja liume.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ule wa usiku usiuruke, kwa sababu ukilala mate hupungua. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi, uache ile floridi ifanye kazi. Watoto wa chini ya miaka mitatu wapake dawa kama punje ya mchele, wa mitatu mpaka sita kama punje ya minji, na uwasugue wewe mwenyewe mpaka wawe na miaka saba hivi. Mpe mtoto chai yake kwa meza, si kwa chupa kitandani. Halafu chagua siku moja kwa mwaka, hata iwe siku yako ya kuzaliwa, uende ukaangaliwe. Daktari ndiye atakuambia kama wewe ni wa kila miezi sita au mwaka unatosha. Nenda siku ambayo hakuna kinachouma.

Na kwa wanaopanga bajeti za kaunti na shule: mnapima watoto macho, mnawapa dawa za minyoo, hongera. Mtume na mtu wa kumulika midomo ya watoto wa gredi ya kwanza na ya pili. Hilo gego linachomoza wakiwa mikononi mwenu.

Mathe nimemwekea siku wiki ijayo. Hajaambiwa na jino lolote aende. Alikataa kwanza, akasema yaliyobaki hayaumi. Nikamwambia, "Ndiyo maana tunaenda, Mama." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna foleni, na kama anaweza kuvaa lile rinda lake la kanisani.

Nimemwambia avae.